SOMO LA WANACHAMA: MPUNGA, MAJI NA UKINGO WA NCHI



Katika vyama vya msingi, kuanzia Nyarero na vilima vya Tarime hadi mabonde ya Serengeti, suala la mpunga huzuka mara kwa mara. Wanachama huiona bei ya mchele sokoni, huyaona mabonde yenye maji karibu na makazi yao, kisha huuliza: kwa nini chama kisikope fedha, kikafungua bonde na kulima mpunga kwa pamoja? Swali hilo ni halali. Lakini jibu lake halimo katika daftari la bei peke yake. Limo pia katika historia ya maji, na historia hiyo ni ndefu kuliko kumbukumbu za mzee yeyote kijijini.

Shabaha ya somo hili ni kueleza mambo matatu. Kwanza, mpunga ni zao lililozaliwa ukingoni, yaani mahali ambapo maji na nchi kavu hukutana. Pili, ukingo huo haukukaa mahali pamoja tangu zamani, wala haukai leo. Tatu, wakulima waliofanikiwa kuishi hapo ni wale waliotawala maji kwa umoja na kuhifadhi mbegu za aina nyingi. Yafaa somo lisomwe katika kikundi, sehemu moja moja, na kila sehemu ijadiliwe kabla ya kuendelea na inayofuata.

1. UDONGO NI DAFTARI

Wapo watakaouliza: mambo ya miaka elfu nyingi iliyopita yanajulikanaje, na wakati ule hapakuwa na mtu wa kuandika? Jibu ni kwamba udongo wenyewe uliandika. Matope yanayotua chini ya ziwa au bahari hujipanga tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za leja. Katika kila tabaka hubaki chavua ya mimea iliyoota zama hizo, masizi ya moto, magamba ya konokono, na mabaki ya mimea midogo sana ya majini. Ikiwa mabaki hayo ni ya mimea ya maji ya chumvi, wataalamu hujua kuwa bahari ilifika pale. Ikiwa ni mizizi ya nyasi, hujua kuwa palikuwa nchi kavu.

Umri wa tabaka hupimwa kwa kaboni. Kila kiumbe hai hujipatia kaboni ya namna mbalimbali, na namna moja miongoni mwake hupungua polepole baada ya kiumbe kufa. Makatibu wataelewa upesi wakifikiria hesabu ya uchakavu wa mali kwa njia ya salio linalopungua: kila baada ya miaka 5,730 hivi, nusu ya salio huondoka. Ukipima kiasi kilichobaki katika punje ya mpunga iliyoungua, waweza kukokotoa ni miaka mingapi imepita tangu ilipovunwa.

2. BAHARI ILIPOKUWA MBALI

Yapata miaka 20,000 iliyopita dunia ilikuwa katika kilele cha Enzi ya Barafu. Maji mengi yalikuwa yameganda juu ya nchi kavu huko Ulaya ya Kaskazini, Amerika ya Kaskazini na kwingineko, na kwa sababu hiyo bahari ilikuwa chini kuliko ilivyo leo kwa takriban mita 120. Pwani zote za dunia zilikuwa mahali pengine.

Kwetu Tanzania ushahidi upo Unguja. Mkondo uliopo baina ya Unguja na bara hauna kina kirefu, kwa hiyo wakati ule Unguja haikuwa kisiwa bali sehemu ya bara. Katika Pango la Kuumbi, lililo karibu na Jambiani, wataalamu wamechimba mabaki ya watu wa kale pamoja na mifupa ya pundamilia na nyati. Wanyama hao hawakuvuka bahari kwa ngalawa. Walitembea kwa miguu. Barafu ilipoyeyuka na bahari kupanda, Unguja ikatengwa na bara yapata miaka 10,000 hivi iliyopita, na baada ya muda pundamilia wakatoweka kisiwani. Pemba haikuungana na bara wakati huo, kwa kuwa mkondo wake ni wa kina kirefu mno.

Kati ya miaka 20,000 na 7,000 hivi iliyopita bahari ilipanda mita hizo 120 au karibu yake. Kwa wastani huo ni upandaji wa chini ya sentimita 1 kwa mwaka, jambo ambalo mtu mmoja asingeliona kwa urahisi. Hata hivyo wastani huficha mengi, kama wastani wa mapato ya chama unavyoweza kuficha mwaka wa hasara. Vipo vipindi ambapo bahari ilipanda zaidi ya mita 10 katika karne chache tu. Mjukuu aliyekwenda kutafuta kambi ya babu yake aliikuta imo majini.

3. PUNJE ISIYOPUKUTIKA

Sasa tuutazame mpunga wenyewe. Mpunga wa Asia, ambao ndio unaolimwa sehemu nyingi za dunia, asili yake ni mmea wa mwituni uotao vinamasini. Mahali palipochunguzwa sana ni bonde la chini la mto Yangtze, huko China, karibu na bahari.

Mpunga wa mwituni una tabia moja inayomkera mvunaji: punje zikiiva hupukutika zenyewe na kuanguka majini. Hiyo ndiyo njia ya mmea kujipanda. Lakini katika kila kinamasi ilikuwapo mimea michache ambayo punje zake zilibaki kwenye suke. Mvunaji alipopita, alirudi nyumbani akiwa na punje nyingi za aina hiyo, kwa kuwa zile nyingine zilikuwa zimekwisha kuanguka. Akizipanda mwaka uliofuata, aina isiyopukutika iliongezeka shambani. Hivyo, bila ya chuo wala maabara, mkono wa mkulima ukaugeuza mmea.

Kazi hiyo haikukamilika upesi. Katika kijiji cha kale cha Tianluoshan wataalamu walihesabu vitako vya punje za mpunga kutoka tabaka mbalimbali. Wakaona kuwa katika kipindi cha miaka 300 hivi, kati ya miaka 6,900 na 6,600 iliyopita, sehemu ya mpunga usiopukutika ilipanda kutoka asilimia 27 hadi asilimia 39 tu. Vizazi zaidi ya kumi vilifanya kazi, na bado nusu haijafikiwa. Wakati wote huo watu hawakuutegemea mpunga peke yake: waliendelea kuvua samaki, kuwinda, na kuokota njugu za porini.

Twapaswa kuizingatia sana hali ya nchi yao. Mahali paitwapo Kuahuqiao, jirani na mji wa leo wa Hangzhou, watu walilima mpunga katika kinamasi cha pwani yapata miaka 7,700 iliyopita. Uchunguzi wa udongo unaonyesha kuwa walichoma magugu na vichaka ili kufungua kinamasi, na kwamba walizuia maji ya mafuriko yasiingie ovyo mashambani. Hayo ni miongoni mwa majaruba ya kale kabisa yanayojulikana. Kazi ilidumu karne moja na nusu hivi. Kisha tabaka za udongo zinabadilika ghafla na kuwa matope ya bahari. Maji ya chumvi yalikuwa yameingia, na kijiji kikahamwa.

Watu wa Kuahuqiao hawakuwa wavivu wala wajinga. Walichagua ukingo kwa sababu ukingo ndio wenye rutuba, samaki na maji ya kutosha. Mahali hapo hapo palipowapa chakula ndipo palipowahamisha.

4. NGUVU YA UMOJA NA MPAKA WAKE

Vizazi vingi baadaye, katika eneo hilo hilo la bonde la Yangtze, ulisimama mji wa Liangzhu, kati ya miaka 5,300 na 4,300 iliyopita. Mji huo uliorodheshwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni mwaka 2019 kuwa urithi wa dunia. Ulikuwa na ukuta uliozunguka eneo la takriban hekta 300, mifereji ndani na nje, na juu yake vilimani mabwawa makubwa ya udongo. Wajenzi walifunga matope ndani ya nyasi mfano wa matita, wakayapanga moja juu ya jingine mpaka yakawa ukuta. Wachimbaji wamekuta mjini shehena kubwa za mpunga ulioungua, yaani mabaki ya maghala.

Kazi ya namna hiyo haiwezi kufanywa na kaya moja. Mpunga wa majini una sheria yake: tuta la jirani yangu likibomoka, shamba langu nalo hukauka, nikifungua maji kabla ya zamu yangu, wa chini yangu hukosa. Ndiyo maana popote mpunga wa majini ulipostawi, watu walilazimika kuwa na utaratibu wa zamu, wa kazi ya pamoja na wa adhabu kwa mvunja zamu. Twaweza kusema kuwa jaruba lilifundisha ushirika kabla ya sheria yoyote ya vyama kuandikwa.

Sheria hiyo si ya mpunga tu. Hapa kwetu, Engaruka katika Wilaya ya Monduli, wakulima wa mtama walijenga mifereji na matuta ya mawe na kumwagilia takriban hekta 2,000 chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Mashamba yao yaliachwa kabla ya karne ya 19, lakini mawe yake yapo hata leo, na kila anayeyaona hutambua kuwa yalipangwa na jamii iliyokuwa na uongozi.

Hata hivyo umoja nao una mpaka wake. Yapata miaka 4,300 iliyopita Liangzhu iliachwa, na juu ya magofu yake kuna tabaka la matope ya mafuriko. Wataalamu waliopima mawe yaotayo mapangoni, ambayo hutunza alama za mvua za kila zama, walieleza mwaka 2021 kuwa wakati huo eneo hilo lilipata vipindi vya mvua kubwa mno. Mabwawa yaliyojengwa kwa kipimo cha mvua za mababu hayakuweza kuhimili mvua za wajukuu.

5. MPUNGA WA AFRIKA, NA ULEZI WETU

Ni kosa kudhani kuwa Afrika ilingoja mpunga kutoka ng'ambo. Katika bonde la mto Niger, nchi ya Mali ya leo, Waafrika walikuza mpunga wao wenyewe yapata miaka 3,000 iliyopita kutokana na mpunga mwitu wa Afrika. Chanzo kimojawapo kilikuwa mabadiliko ya tabianchi. Zamani Sahara ilikuwa nchi ya nyasi, maziwa na mifugo. Tangu miaka 5,000 hivi iliyopita ikakauka. Watu wakasogea kwenye mabonde yaliyobaki na maji, na huko mmea wa mwituni ukawa zao.

Mpunga wa Afrika hautoi mavuno mengi kama ule wa Asia, lakini huvumilia magugu, maradhi na maji yasiyotabirika. Katika miaka ya 1990 mtaalamu wa Sierra Leone, Dkt. Monty Jones, pamoja na wenzake huko Afrika ya Magharibi, waliuchanganya na mpunga wa Asia, na kazi hiyo ikampatia Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2004. Ndiyo asili ya mbegu ziitwazo NERICA, ambazo baadhi yake hulimwa nchi kavu kwa mvua, bila ya jaruba. Laiti wakulima wa Mali wangaliutupa mpunga wao wa zamani kwa kuudharau, mbegu hizo zisingalipatikana.

Katika nchi za Ziwa Victoria mazao ya asili yalikuwa mengine. Ulezi, au wimbi kama wengi wetu tuuitavyo, ulianza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Katika pango la Kakapel, Busia, magharibi mwa Kenya, imepatikana punje ya kunde yenye umri wa miaka 2,300 hivi, na pia masalio ya mtama na ulezi. Jirani zaidi na sisi, Gogo katika mto Kuja, huko Migori, mabaki yanaonyesha wavuvi na wawindaji, kisha wafugaji wa ng'ombe. Mababu wa nchi hii walichanganya riziki: samaki, ng'ombe na nafaka. Kimoja kilipopungua, kingine kilishika zamu.

6. MPUNGA WAFIKA PWANI YETU

Mpunga wa Asia ulikuja kwetu kwa njia ya bahari. Katika Visiwa vya Komoro mpunga, choroko na pamba vimekutwa katika makazi ya tangu karne ya 8, na wataalamu wanavihusisha na mabaharia waliotoka visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki, ambao ndio wahenga wa lugha ya Madagaska.

Pemba inatupa somo lililo wazi zaidi. Mahali paitwapo Tumbe, palipokaliwa kati ya karne ya 7 na ya 10, chakula kikuu kilikuwa uwele. Mpunga ulikuwapo kwa uchache tu. Jirani yake, Chwaka, mji uliostawi tangu karne ya 11 hadi ya 15, mpunga ndio uliotawala. Kwa maneno mengine, watu waliujua mpunga kwa muda mrefu kabla hawajaufanya chakula chao kikuu. Wataalamu waliochunguza makaa ya majiko hayo wanauhusisha ustawi wa mpunga na maisha ya mjini na karamu za heshima. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu aliandaliwa wali uliopikwa kwa samli. Kiswahili chenyewe kinashuhudia: kilichoko shambani ni mpunga, kilichokobolewa ni mchele, kilichopikwa ni wali. Lugha haikipi kitu majina matatu isipokuwa watu wamekizoea sana.

Kutoka pwani mpunga ulifuata njia za misafara hadi Unyanyembe na Manyema katika karne ya 19, na leo majaruba ya Usukuma hulisha miji ya Kanda ya Ziwa.

Lakini hata pwani ukingo hautulii. Warufiji tangu zamani hulima mpunga kwa kuotea mafuriko, na mto unapopungua hupanda mazao mengine katika udongo mbichi. Kilimo hicho huitwa mlau. Mkulima mwenye busara alikuwa na shamba la chini na shamba la juu, ili moja likizama jingine lipone. Mwishoni mwa miaka ya 1970 maji mengi ya mto huo yalihamia upande wa kaskazini wa delta. Maji baridi yalipofika huko, wakulima walifyeka mikoko na kupanda mpunga. Yalikopungua, chumvi ilipata nafasi. Mwezi Aprili 2024 mafuriko makubwa yalizamisha mashamba ya Rufiji na Kibiti. Nayo bahari ya dunia, ambayo ilikuwa imetulia kwa miaka elfu kadhaa, imepanda sentimita 20 hivi tangu mwanzo wa karne ya 20.

7. ZIWA LETU NALO LILIKAUKA

Mwanachama wa Nyarero aweza kusema: bahari iko mbali, yanatuhusu nini? Basi tulitazame ziwa letu.

Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake hakizidi mita 80 na kitu. Ni kama sinia pana. Takriban asilimia 80 ya maji yake hutokana na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa ya maji hayo hurudi angani kwa mvuke. Kwa hiyo mvua ikipungua, sinia hukauka, ikizidi, hufurika. Wataalamu walipochimba matope ya chini ya ziwa walikuta tabaka la udongo mkavu wenye mizizi ya nyasi. Maana yake ni kwamba kati ya miaka 18,000 na 14,000 iliyopita ziwa hili lilikauka. Mahali ambapo leo wavuvi hutupa nyavu palikuwa mbuga. Kisha mvua zikarudi, likajaa tena.

Na tusidhani hayo ni ya kale tu. Mvua kubwa zilizoandamana na mwaka wa Uhuru, 1961, zilipandisha ziwa kwa zaidi ya mita 2 ilipofika mwaka 1964, likazamisha gati, mashamba na makazi. Mwaka 2006 lilishuka sana, mpaka watu wakalima na kujenga mahali lilipokuwa limeondoka. Mwaka 2020 likapanda tena hadi kufikia kiwango cha mwaka 1964, na waliojenga kwa kuitazama alama ya mwaka 2006 wakahama katika nchi zote tatu.

Kinamasi cha Mara, karibu na Daraja la Kirumi, kinapokea maji kutoka pande mbili: mto ukifurika, yanatoka juu, ziwa likipanda, yanasukumwa kutoka chini. Anayefungua shamba mahali kama hapo hana budi kujua mambo ya pande zote mbili.

8. HESABU YA MWAKA WA TANO

Tuchukue mfano wa kufikirika. Chama kimefungua ekari 30 za mpunga bondeni. Gharama kwa ekari ni shilingi 600,000, na mauzo kwa ekari ni shilingi 1,000,000. Faida ya ekari moja ni shilingi 400,000, na ya shamba zima ni shilingi 12,000,000 kwa mwaka. Bodi inafurahi, na Mkutano Mkuu unaidhinisha mkopo ambao marejesho yake ni shilingi 9,000,000 kila mwaka kwa miaka mitano.

Miaka minne mambo ni mema: faida ya jumla ni shilingi 48,000,000. Mwaka wa tano maji yanapanda na shamba lote linazama baada ya kupandwa. Hasara ni gharama yote, yaani shilingi 18,000,000. Faida ya miaka mitano sasa ni shilingi 30,000,000, wastani wa shilingi 6,000,000 kwa mwaka wala si 12,000,000. Marejesho ya mkopo ni shilingi 45,000,000. Pengo ni shilingi 15,000,000, na pengo hilo litazibwa na fedha za kahawa za mwanachama ambaye hajawahi kukanyaga bondeni.

Hapo ndipo historia ya maji inapogeuka kuwa suala la leja. Kosa la chama hicho si kulima mpunga. Kosa lake ni kuuchukua mwaka mwema kuwa kipimo cha miaka yote.

9. MAMBO YA KUTEKELEZA

(a) Daftari la maji. Kila Katibu afungue daftari la kuandikia mvua kwa kipima mvua, na kimo cha maji ya mto au bonde kwa nguzo iliyowekwa alama. Wazee waulizwe maji yalifika wapi mwaka 1961 hadi 1964, mwaka 1997 hadi 1998, na mwaka 2019 hadi 2020, na alama hizo ziwekwe ardhini. Mpaka wa shamba uanze kwa alama ya juu, si kwa alama ya mwaka uliopita.

(b) Sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Kutumia maji kwa kilimo cha umwagiliaji huhitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, na ushauri wa ujenzi wa skimu hutolewa na Tume ya Taifa ya Umwagiliaji. Mambo hayo yatangulie mkopo.

(c) Kanuni za maji. Zamu za maji, siku za kukarabati matuta na adhabu ziandikwe na kupitishwa na Mkutano Mkuu kabla ya jembe la kwanza kupigwa. Majirani wa juu na wa chini ya bonde washirikishwe, hata kama si wanachama.

(d) Mbegu. Chama kijaribu mpunga wa aina zaidi ya moja, pamoja na ule wa nchi kavu, kwa ekari chache kwanza. Wala ulezi, mtama na mihogo visiachwe. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

(e) Akiba. Sehemu ya faida ya kila mwaka mwema iwekwe kando kwa ajili ya mwaka wa maji, na makisio ya mkopo yafanywe kwa wastani ulioingiza mwaka mbaya.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu, maji yalifika wapi katika mafuriko makubwa mnayoyakumbuka? Ni nani aliyeyaona, na je, imeandikwa popote?

2. Watu wa Kuahuqiao walilima kwa karne moja na nusu, kisha wakahama. Bonde mnalolifikiria likipotea, chama chenu kitabaki na nini?

3. Rudieni hesabu ya sehemu ya 8, lakini mafuriko yatokee mwaka wa pili badala ya wa tano. Chama kitakuwa katika hali gani mwisho wa mwaka huo?

4. Ni kanuni ipi ya maji ambayo wanachama wenu wataona ugumu kuifuata, na ni nani atakayeisimamia?

5. Kaya ngapi katika chama chenu bado zina mbegu ya ulezi ya zamani? Zihesabuni, na idadi iandikwe katika muhtasari wa kikao.